Alipiga Picha ya Kibao, Akaondoka

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la saruji chini ya mwarobaini, hatua kama ishirini kutoka lango la maktaba ya mji wetu, bahasha ya vocha mapajani. Kijana mmoja akaja anatembea haraka, shati la shule limechomolewa, kandambili miguuni. Miaka kumi na minne, labda kumi na mitano. Akasimama mbele ya kibao, akainua simu, akajipiga picha. Ya kwanza hakuipenda. Akapiga ya pili, akaitazama, akaandika maneno mawili matatu, akaweka lokesheni, akairusha mtandaoni.

Kisha akanifuata kwenye benchi, akaniamkia, akanionyesha kioo cha simu. Kweli, ipo: uso wake, kibao, jina la maktaba na ile alama nyekundu ya mahali. Nikampa vocha yake.

"Asante, anti."

Akageuka, akaondoka kwa njia ileile aliyojia.

Mlango wa maktaba ulikuwa wazi. Pale aliposimama angeweza kuiona rafu ya kwanza na mzee wetu wa magazeti akiwa amelaza miwani yake mezani. Hakutupia jicho hata mara moja.

Mchezo ule niliubuni mimi. Wiki sita zimepita, na mgongo wa kijana yule bado nauona.

Mia moja mtandaoni, ukurasa mmoja mezani

Hali ya maktaba zetu sitaieleza, mnaijua. Viti vinajaa mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne, baada ya hapo unasikia feni tu. Kamati yetu ndogo ya marafiki wa maktaba ilikutana, watu sita na chupa ya chai, na swali lilikuwa lile la miaka yote: tufanye nini vijana waje?

Nikasema vijana wako mtandaoni, tuwafuate hukohuko. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya simu alikuwa amekubali kutupa vocha za bando, MB 500 kila moja, nami nikachora mpango kwenye nusu karatasi: fika maktaba, piga picha, weka lokesheni, onyesha, pata vocha. Nilipomaliza kueleza, wenzangu walipiga makofi.

Mama Maktaba hakupiga makofi. Hilo ndilo jina ambalo watoto wa mtaani wamempa mkutubi wetu, na sisi wakubwa tumelichukua. Aliuliza jambo moja tu.

"Wakishaonyesha, wanaingia?"

Nikamjibu kwamba mtu aliyekwisha kufika mlangoni hawezi kushindwa kuingia. Nilisema kwa uhakika wote.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa inanibana kifua. Posti zilipita mia. Jina la maktaba yetu, ambalo mwaka jana ukilitafuta ungekuta picha moja ya ukuta uliobabuka, sasa lilikuwa na nyuso, vicheko, vidole viwili hewani. Nilizipiga picha posti zile moja moja, nikazituma kwenye kundi la kamati.

Kisha Mama Maktaba akaniita mezani kwake, akafungua daftari la wageni. Kila aliyewahi kuingia maktaba analijua daftari lile, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina, anakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Akageuza kurasa polepole. Majina ya wiki zile mbili yalikuwa ya walewale: mzee mstaafu wa magazeti, wanafunzi wanne wa ualimu, dada anayesomea uuguzi ambaye huja na vitabu vyake mwenyewe kwa sababu anachotaka ni meza na taa. Majina mapya hayakujaza hata ukurasa mmoja.

Hakusema neno. Alilifunga, akarudi kubandika lebo kwenye migongo ya vitabu.

Muuza kahawa ana cha kupunguza

Mchezo wa kutangaza ulipo ili upate zawadi haukuwa wangu, niliuazima. Nikaanza kufuatilia ulikotoka, nikitumaini nitakuta kosa dogo la utekelezaji ambalo ningeweza kulirekebisha kimyakimya.

Mwaka 2009, Dennis Crowley na Naveen Selvadurai walizindua Foursquare kwenye tamasha la South by Southwest huko Austin, Texas. Ukifika mahali unafungua programu, unabonyeza kwamba upo, marafiki zako wanaona. Ukibonyeza siku nyingi kuliko wengine wote ndani ya siku 60, unakuwa "meya" wa mahali hapo. Kulikuwa na beji za kila namna, na watu waligombea umeya wa mkahawa kwa bidii. Ilifika mahali, mwaka 2010, kampuni ikalazimika kutumia GPS ya simu kuwazuia waliokuwa wakijitangazia umeya wakiwa wamelala nyumbani kwao. Mwaka huohuo Starbucks, kampuni ya mikahawa, iliwapa mameya wa maduka yake nchini Marekani punguzo la dola 1 kwenye kinywaji cha Frappuccino, na Facebook nayo ikaja na huduma yake ya kutangaza mahali ulipo.

Hapo kwenye dola moja ya Starbucks nilisimama.

Muuza kahawa ana bei, kwa hiyo ana cha kupunguza. Meya akipunguziwa dola, anachobeba mkononi ni kahawa yenyewe. Anakunywa kile kilichompeleka pale, na punguzo linamwongoza kwenye kikombe. Maktaba itapunguza nini? Msomaji hatozwi kwa kufungua kitabu. Kwa hiyo ukitaka kumtuza, inabidi zawadi uitoe mahali pengine: bando, fulana, soda. Na zawadi iliyotoka nje inamrudisha mtu nje.

Kijana yule alipiga hesabu zake vizuri. Nilimwambia bei ya vocha ni picha ya kibao. Akalipa bei niliyotaja, akachukua mali yake. Mdanganyifu pale hakuwa yeye.

Usiku mmoja wa New York

Maktaba za Marekani nazo ziliingia kwenye mchezo huu wakati wa joto lake, na kisa kilichonikaa zaidi ni cha New York. Jengo kuu la maktaba ya umma ya jiji hilo, lile la Fifth Avenue lenye simba wawili wa marumaru mbele, lilifunguliwa Mei 1911. Lilipotimiza miaka 100, mwaka 2011, maktaba ilishirikiana na Foursquare: ukitia alama kwamba umefika, unapata beji ya karne.

Beji ni picha ndogo kwenye simu. Nilipoisoma habari hiyo nilijisemea, hata wao, pamoja na ukubwa wao, walifanya nilichofanya mimi.

Lakini Mei hiyohiyo walifanya jambo jingine. Usiku wa tarehe 20 waliwakaribisha watu 500 ndani ya jengo, milango ikafungwa hadi asubuhi. Ulikuwa mchezo uliobuniwa na Jane McGonigal. Wachezaji walizunguka na simu zao wakitafuta vitu 100 vya maktaba, na kila walipokipata kimoja waliandika jambo kukihusu, kwa mawazo yao wenyewe. Kulipokucha maandishi yao yalikuwa yamejalidiwa kuwa kitabu, na kitabu kikabaki maktaba.

Nililala na habari hii siku kadhaa. Jiji moja, mwezi mmoja, simu zilezile mikononi. Upande mmoja unapewa picha ya beji na hakuna anayejali kama uligusa kitabu. Upande mwingine huwezi kushinda bila kusimama mbele ya kitu, kukitazama na kuwaza, na zawadi yenyewe ni kuwa mmoja wa waandishi wa kitabu kilichomo rafuni. Zawadi haikutoka nje. Ilizaliwa ndani, na ukitaka kuiona tena unarudi ndani.

Hatuna fedha za New York, wala walinzi wa kukesha na watu 500. Hilo nililijua. Nilichokuwa nakitafuta ni namna ya kuifanya zawadi ikae upande ule wa mlango.

(Foursquare yenyewe, mnajua ilivyokwenda. Mwaka 2014 waliutoa mchezo wa kutia alama, wakauhamishia kwenye programu nyingine, Swarm. Ile ya awali, iliyokuwa imebaki mwongozo wa miji, ikafungwa Desemba 2024. Maktaba iliyojenga jina lake kwenye beji zile ilijenga kwenye kiwanja cha watu.)

Kalamu za rangi

Rafiki yangu mwalimu wa chekechea alinisikiliza nikilalamika jioni moja, akaniambia kuna jaribio ambalo walifundishwa chuoni na hajalisahau.

Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti waliofanya kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Kundi la pili hawakuahidiwa kitu, ila walipomaliza walishtukizwa na cheti hichohicho. Kundi la tatu walichora tu. Baada ya siku kadhaa kalamu ziliwekwa tena darasani, na watafiti wakaangalia nani atazifuata bila kuambiwa.

Walioahidiwa cheti walizichezea kwa takriban nusu ya muda wa wenzao.

Mwalimu yule aliniangalia. "Umeona? Mtoto anayependa kuchora ukimwahidi malipo, anaanza kuamini kwamba kuchora ni kazi ya kulipwa. Malipo yakikoma, na kuchora kunakoma."

Niliwakumbuka wale wasichana wawili wa darasa la sita ambao kabla ya mchezo wetu walikuwa wakija kila Jumatano kusoma hadithi, wakikaa kiti kimoja wote wawili. Wiki ya pili ya vocha walinifuata wakaniuliza kama Jumatano nayo inahesabiwa. Niliwaambia hapana, ni Jumamosi tu. Jumatano iliyofuata hawakuja.

Hao ndio walionikosesha usingizi kuliko hata kijana wa kibao. Yeye hakuwa na kitu nilichokiharibu. Wao walikuwa nacho.

Lakini angalieni kundi la pili, walioshtukizwa. Hao hawakupoteza hamu. Cheti kilikuwa kilekile. Tofauti ni kwamba hakikutangulia mbele yao kama ujira, kilikuja nyuma yao kama asante. Ukitaka kumshukuru msomaji, msubiri asome kwanza, na usimwambie kwamba unamsubiri.

Simu ya saa mbili usiku

Kisha mama mmoja akanipigia. Namba yangu aliipata kwenye tangazo letu.

Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya nyumbani, hali ya kazi. Baadaye akasema, "Mwanangu, mimi sipingi watoto kusoma. Lakini binti yangu kila Jumamosi anatangaza kwamba yuko maktaba, na saa inaonekana. Njia ya kurudi kwetu ina mashamba ya mkonge pande zote mbili. Nani mwingine anasoma hayo matangazo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, na nilimaanisha.

Mwezi Februari 2010, Foursquare ikiwa bado changa, kulikuwa na tovuti iliyoitwa Please Rob Me iliyokusanya posti za watu waliotangaza wako wapi, ili tu kuwaonyesha kwamba anayesema yupo mkahawani anasema pia kwamba nyumbani kwake hakuna mtu. Onyo lile lina miaka mingi, na mimi sikulijua, au sikutaka kujisumbua nalo. Nchi yetu, Tanzania, ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, nami nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuuza mahali walipo kwa MB 500.

Tena sio mahali popote. Maktaba ni moja ya sehemu chache ambapo mtu anaweza kwenda kusoma juu ya ugonjwa wake, ndoa yake, imani yake, bila jirani kujua. Kwa nini nimwombe apige mbiu?

Usiku uleule niliandika kwenye kundi la kamati kwamba nasimamisha mchezo. Vocha zilizobaki tukazifungia kabatini.

"Simu ni ya mama"

Wiki ya nne kijana wa kibao alirudi. Alikuta benchi tupu, akanisubiri, akauliza kama vocha zimekwisha. Nikamwambia zimekwisha. Alipokuwa anageuka nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ile ya kwanza.

"Mbona hukuingia ndani?"

Alitazama chini. Nilidhani atasema hapendi kusoma, na nilikuwa nimejiandaa kumpa hotuba.

"Pameandikwa simu marufuku," akasema. "Mizigo unaacha pale mezani. Na simu ni ya mama. Siwezi kuiacha."

Nilikwenda kutazama. Kwenye mlango ule ambao nimeupita miaka na miaka palikuwa na karatasi iliyofungwa kwa plastiki, imeanza kuwa ya njano, na orodha yake nilikuwa nimeacha kuiona kitambo: usiingie na begi, usiingie na chakula, usizungumze, usitumie simu, usiingie bila kitambulisho. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema unachoruhusiwa kufanya.

Kumbe alikuwa ameutazama mlango. Aliusoma kabla mimi sijamwona, akaelewa kwamba kinachomhusu ni kibao cha nje.

Tulimwita mtoto kwa simu, kisha mlangoni tukamwambia simu ni kosa.

Simba wa Banda Street

Miaka michache iliyopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli za familia, nikapata saa mbili za bure, nikaenda kuiona maktaba ya McMillan, Banda Street, jirani na msikiti wa Jamia. Nayo ina simba wawili wa mawe mbele. Ngazi pana, nguzo nene kama za hekalu. Nakumbuka nilipunguza mwendo pale chini ya ngazi, nikarekebisha mtandio, nikajikuta natafuta mtu wa kumwomba ruhusa.

Jengo lile lilifunguliwa 1931, kwa kumbukumbu ya mlowezi Sir William Northrup McMillan, na mjane wake Lucie ndiye aliyelisimamia. Lilikuwa la Wazungu peke yao. Hadi 1958 Mwafrika wa Nairobi hakuwa na haki ya kukaa humo asome. Baraza la jiji lilipolichukua ilikuwa 1962. Sheria ile imekufa zamani, lakini ngazi ni zilezile, na mguu wa mtu hausomi gazeti la serikali. Unapofika chini ya nguzo kubwa unapunguza mwendo wenyewe.

Simba wa New York wana majina, Patience na Fortitude, waliyopewa na meya Fiorello La Guardia miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, kwa sifa alizoona watu wa jiji wanazihitaji ili kuvuka: subira na ujasiri. Wale wa Nairobi walikaa miaka zaidi ya ishirini mbele ya mlango usiofunguliwa kwa wenye mji.

Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, waanzilishi wa shirika la Book Bunk, wamekuwa wakishirikiana na kaunti ya Nairobi tangu 2018 kuzifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo yako Eastlands, katikati ya makazi ya watu, nayo yakatangulia kukarabatiwa. Nilipolisoma hilo mwanzoni nililipita tu. Baada ya kijana wa kibao nikalirudia. Ukitaka watu waingie, anza na mlango ulio karibu na miguu yao, uwaulize wanaupitaje.

Kwetu maktaba za umma zilizaliwa kwa nia nyingine kabisa. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru. Siku ile haikuchaguliwa hivihivi. Ilikuwa kumwambia mwananchi kwamba hiki nacho ni chako. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza na kusoma pamoja, na wengi wao hawakuwa wamepita shule. Mtu alikwenda kwa sababu jirani yake alikuwa anakwenda, na walipotoka pale walichimba vyoo pamoja.

Sisi tulio na urithi huo tulibandika mlangoni orodha ya marufuku.

Mhuri wa nyuma ya kitabu

Nilirudi kwa Mama Maktaba nikiwa sina mpango, nikamwambia hivyo. Akavuta kiti.

Alichukua kitabu kutoka kwenye lundo la kuazimwa, akakifungua nyuma. Karatasi ya tarehe, mnaikumbuka? Mihuri ya bluu na zambarau, mmoja juu ya mwingine, baadhi imekaa upande. Utotoni nilikuwa naisoma karatasi ile kabla ya kitabu chenyewe. Mwaka 1986 mtu alikuwa hapa. Mwaka 1991 mwingine. Halafu pengo refu, halafu mimi.

"Hawa wote walifika," akasema Mama Maktaba. "Na hatujui majina yao."

Nilihisi kitu kinakaa mahali pake. Wiki zote hizo nilikuwa natafuta namna ya kumfanya mtu aseme "nimefika", na maktaba ilikuwa nayo tangu zamani, nyuma ya kila jalada. Muhuri ule haupigwi mpaka kitabu kiwe kimetoka rafuni.

Basi tumefanya haya. Karatasi ya marufuku tumeitoa. Mahali pake Mama Maktaba ameandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: KARIBU, INGIA TU. Simu unaingia nayo, unaizima sauti. Anayetaka kuweka begi analiweka, anayetaka kubaki nalo anabaki nalo. Daftari la wageni lipo, lakini haliko tena mlangoni kama kizuizi cha barabarani, liko ndani karibu na magazeti.

Na nyuma ya vitabu mia vya mwanzo, vile ambavyo Mama Maktaba anaona vinaonewa kwa kutosomwa, tumebandika karatasi mpya yenye mistari. Juu yake imeandikwa *Nimefika ukurasa wa…* Unaandika ulipofika, na neno moja kwa atakayekuja nyuma yako. Jina si lazima, herufi moja yatosha. Anayependa kuupiga picha mstari wake na kuurusha mtandaoni ana ruhusa, tunamwomba tu afanye hivyo akishafika nyumbani, na lokesheni aiache. Watakaouona watajua kitabu kipo. Alipo msomaji haiwahusu.

Vocha za kabatini tumemrudishia yule mfanyabiashara. Samahani, si zote. Kumi Mama Maktaba alizizuia, na mara mojamoja namwona akimpa mtu aliyesoma hadi saa ya kufunga, wakati wa kutoka, bila maelezo. Hajatuambia anawachaguaje, nasi hatumuulizi.

Sijui kama ni dawa. Posti sasa ni chache sana, pengine tatu nne kwa wiki, na mwenzetu mmoja wa kamati anaona tumerudi nyuma. Wale wasichana wa Jumatano amerudi mmoja. Kijana wa kibao nilimwona mara moja ndani, amesimama kwenye rafu ya sayansi, simu ya mama yake imechomoza mfukoni. Alikaa kama nusu saa. Sikumwendea.

Jumanne iliyopita, wakati wa kupanga vitabu, nilifungua nyuma ya hadithi moja ya kutisha ambayo ilikaa miaka bila muhuri. Mistari miwili ilikuwa imejazwa, miandiko tofauti, ya kwanza kwa kalamu ya risasi.

*Nimefika ukurasa wa 61. Usiusome usiku. — J.*

Na chini yake:

*Nimeusoma usiku. Kweli.*